Kasuku wa Maniema: bei hupangwa ng'ambo, hasara hubaki msituni

Kampene ni mji unaojua maana ya bei. Ndani ya teritwari ya Pangi, kusini-mashariki mwa Kindu, mama anayeuza mchele na mafuta ya mawese huuliza kwanza dhahabu imefika ngapi leo, ndipo apange bei ya kipimo chake. Mchimbaji akipata, muuzaji naye anapata. Mchimbaji akikosa, soko lote linalala. Na kila mtu hapo anajua kwamba bei hiyo haipangwi Kampene, wala Kindu, wala hata Kinshasa.

Wazee wa Pangi wanaikumbuka SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kuchimba kasiterite na dhahabu katika Kivu na Maniema. Oktoba 1985 biashara ya bati ilisimamishwa ghafla katika soko la London, bei ikaanguka, na kampuni haikurudi tena katika nguvu yake. Mwaka 1997 ikavunjwa. Waliofuata wanaikumbuka koltani ya mwaka 2000, ilivyopanda karibu mara kumi kwa muda wa miezi tu, vijana wakaacha shule na mashamba, kisha mwaka 2001 bei ikarudi chini nao wakabaki na mashimo.

Kuna mali nyingine inayotoka Maniema ambayo bei yake hupangwa mbali namna hiyohiyo, ingawa haizungumzwi sana. Ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Kwa miaka mingi ndege huyu amekamatwa katika misitu ya jimbo, akafungwa katika vizimba vya miti, akapelekwa Kindu, na kutoka huko akasafirishwa kwa avio kwenda Kinshasa na ng'ambo. Mwaka 2025 Wizara ya Mazingira ya Kongo ilitoa agizo linalokataza kukamata na kuuza kasuku wa kijivu nchini kote.

Agizo hilo ni jema na linastahili kuungwa mkono na wakaaji wa Maniema. Lakini sababu zinazotolewa mara nyingi, za kulinda uzuri wa msitu, hazimtoshi mtu anayetafuta ada ya shule ya watoto. Iko sababu nyingine ambayo mtu wa Kampene ataielewa haraka zaidi, kwa sababu ni ya biashara. Katika soko hili mtegaji wa Maniema hubeba hatari yote, hupata sehemu ndogo kabisa ya bei, na nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na wafugaji wa nchi nyingine.

Mali inayokula kila siku

Namna biashara hii inavyokwenda inajulikana vijijini. Mnunuzi anafika na komande kutoka Kinshasa. Anataka ndege mia, au mia mbili, na anawataka upesi. Watu wanaingia msituni. Wengine wanapaka ulimbo kwenye matawi na kumfunga hapo kasuku aliye hai ili awaite wenzake. Wengine wanatega nyavu mahali pa wazi ambapo makundi hushuka kutafuta maji na udongo wenye chumvi. Wengine wanaukata mti wenye tundu ili wachukue makinda, na mti huo hautatoa kiota tena.

Komande ikiwa kubwa, bei hupanda, na kila kijana mwenye kamba na panga anakuwa mtegaji. Baada ya wiki chache vizimba vinajaa. Hapo ndipo mambo hubadilika. Avio haikuja. Au karatasi za mnunuzi zimekataliwa. Au polisi wa Kindu wamekamata mzigo wa mtu mwingine, naye mnunuzi amejificha. Bei iliyokuwa juu Jumatatu inakuwa nusu Ijumaa, na mtegaji hana la kufanya ila kukubali.

Mwenye kiloba cha kasiterite anaweza kukiweka chini ya kitanda mpaka bei ipande. Kasiterite haili wala haiugui. Kasuku anakula kila siku, ana majeraha ya ulimbo, amenyofolewa manyoya, amebanwa na wenzake thelathini katika kizimba kimoja. Wataalamu wanakadiria kwamba sehemu kubwa ya ndege wanaokamatwa, pengine nusu na zaidi, hufa kabla ya kufika kwa mnunuzi wa mwisho. Kasuku aliyekufa hana bei, na anayekufa mapema humfia mtegaji au mchuuzi mdogo wa kijijini. Tajiri wa mjini hulipa waliobaki hai tu.

Kwa hiyo muuzaji wa mwanzo huingia sokoni akiwa ameshindwa tayari. Ana mali ambayo haiwezi kungoja, mbele ya mnunuzi ambaye anaweza kungoja. Kasuku mmoja huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 katika maduka ya Marekani. Tofauti kati ya bei hiyo na ile anayopewa mtegaji haitokani na uvivu wake wala ujinga wake. Inatokana na mahali anaposimama katika mnyororo huo.

Liko jambo la pili. Bei ya mchele ikipanda mwaka huu, mkulima wa Kasongo analima zaidi, na mwaka ujao mchele unaongezeka. Bei ya kasuku ikipanda, mwaka ujao kasuku wanapungua. Jike la kasuku hutaga mayai mawili hadi manne, tena si kila mwaka anafaulu kulea. Kinda hukaa karibu miezi mitatu katika tundu la mti, na itapita miaka kadhaa kabla halijaanza kutaga. Ndege mkubwa akikamatwa, ni miaka mingi ya uzazi iliyochukuliwa, maana kasuku anaweza kuishi miaka arobaini na zaidi. Bei nzuri, katika biashara hii, huila mbegu yake yenyewe.

Ghana imeonyesha mwisho wa njia hiyo. Watafiti waliorudi mahali ambapo zamani makundi makubwa ya kasuku yalilala, walikuta kwamba tangu mwaka 1992 ndege hao wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Misitu mingine ilikuwa bado imesimama. Kasuku ndio hawakuwepo.

Soko lililohama

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni marufuku yenyewe. Kwamba zamani, karatasi zilipokuwa zikitolewa, watu walikula. Ni kweli kwamba biashara ilikuwa halali kwa muda mrefu. Kongo, wakati huo Zaïre, iliingia katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama pori mwaka 1976, na kwa miaka mingi nchi ilikuwa na kiwango chake cha kasuku wa kupeleka nje: kabla ya kufungwa kilikuwa ndege 5,000 kwa mwaka. Kwa ujumla, kumbukumbu za mkataba huo zinaonyesha zaidi ya kasuku wa kijivu milioni moja wa porini waliouzwa nje ya Afrika tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Hao ni walioandikwa. Waliokufa njiani na waliopita kwa magendo hawamo.

Lakini milango ilianza kufungwa zamani, mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ulipofungwa bei ya msituni ilitikisika. Marekani ilifunga mwaka 1992 kwa sheria ya ndege wa porini. Umoja wa Ulaya ulifunga mwaka 2005 kwa hofu ya homa ya ndege, kisha mwaka 2007 ukaifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu. Ndege wa Kongo wakaelekezwa Afrika Kusini, Singapore na nchi za Kiarabu. Januari 2016 kamati ya CITES ilipendekeza nchi zote zisimamishe biashara ya kasuku na Kongo. Oktoba mwaka huohuo, katika mkutano wa Johannesburg, nchi 95 zilipiga kura kumweka kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, kile kinachokataza biashara ya wanyama waliotoka porini. Nchi 35 zilipinga. Kongo ilikuwa upande wa waliopinga.

Kinachosahauliwa ni kilichotokea wakati huohuo kule Afrika Kusini. Wafugaji wa huko walinunua maelfu ya kasuku wa porini, wengi wao kutoka Kongo, wakawaweka katika mabanda wawe wazazi. Usiku wa kuamkia Krismasi wa mwaka 2010 kasuku zaidi ya mia saba walikufa ndani ya avio iliyokuwa ikitoka Johannesburg kwenda Durban. Walikuwa wametoka Kongo, wakipelekwa kwa mfugaji. Waliosalimika katika safari kama zile ndio waliozaa watoto ambao leo Afrika Kusini inawauza kwa makumi ya maelfu. Mkataba unaruhusu mabanda yaliyoandikishwa kuuza ndege waliozaliwa humo.

Kwa lugha ya Kampene: Maniema iliuza mbegu, si mazao. Iliwapa wengine kuku wa kutaga kwa bei ya yai moja. Mnunuzi wa Oman au wa Bahrain akitaka leo kasuku aliyezoea watu, asiye na jeraha, mwenye pete mguuni na karatasi halali, atampata bandani Afrika Kusini. Hana sababu ya kumtafuta aliyetoka msitu wa Pangi akiwa na ulimbo mabawani.

Wanaobaki kumtafuta ndege wa porini ni wa namna mbili. Wapo wafugaji wanaotaka damu mpya kwa mabanda yao bila kulipa gharama ya kulea, na wapo wafanya magendo wanaomwandika ndege wa porini kana kwamba alizaliwa bandani. Wote wawili wanahitaji siri. Mtu anayehitaji siri halipi vizuri, wala hashtakiwi akikataa kulipa. Mtegaji aliyedhulumiwa atakwenda kulalamika wapi, wakati mali yake yenyewe ni ya kosa?

Funzo la chatu

Anayedhani kwamba bei ya wanyama wa kufugwa ikipanda haitashuka, na aangalie nyoka. Afrika ya Magharibi, katika nchi za Togo, Benin na Ghana, kuna chatu mdogo mpole ambaye akiogopa hujikunja kama mpira. Wazungu na Wamarekani wanampenda kama watu wengine wanavyopenda paka. Tangu miaka ya 1970 mamilioni wamesafirishwa kutoka huko, wengine wakiwa wa porini, wengine wakiwa wameanguliwa kutoka mayai yaliyookotwa au majike waliokamatwa wakiwa na mimba.

Mwaka 1992 mfugaji mmoja wa Marekani alifaulu kuzalisha chatu wa aina hiyo mwenye rangi nyeupe na manjano. Miaka michache baadaye wakatokea wenye mabaka meupe. Nyoka mmoja wa rangi ngeni aliuzwa kwa bei ya gari, wakati mwingine makumi ya maelfu ya dola. Watu wakakopa wanunue jozi, wakihesabu watoto ambao hawajazaliwa bado.

Kosa la hesabu lilikuwa wazi. Kila aliyenunua nyoka wa dola elfu kumi alinunua ili azalishe, kwa hiyo kila mnunuzi wa mwaka huu alikuwa muuzaji wa mwaka wa tatu. Jike hutaga mayai manne hadi nane, na mengine zaidi. Rangi iliyokuwa ya mtu mmoja ikawa ya mia, kisha ya elfu. Leo rangi zilezile huuzwa kwa dola mia chache au chini yake, na chatu wa rangi ya kawaida ni bei ya viatu. Wakati wa Covid, watu walipofungiwa majumbani, bei ilipanda tena, wafugaji wakaongeza mayai. Watu walipofunguliwa, nyoka wakajaa na bei ikaanguka.

Waliopata faida ni wachache walioanza mapema na walioacha mapema. Waliopata hasara ni wale waliosikia habari ya bei wakati kila mtu ameshaisikia. Na yule mtu wa kijiji cha Togo au Benin anayechimba mashimo ya nyoka kwa jembe hakupata bei ya gari hata siku moja. Rangi ngeni ziliposhuka, yeye alibaki akishindana na mayai ya Florida yanayoanguliwa ndani ya sanduku lenye umeme.

Hata hivyo mfugaji wa chatu ana bahati moja ambayo mtegaji wa kasuku hana. Chatu anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kula. Bei ikishuka, mwenye nyoka anaweza kungoja kidogo. Kasuku wa Kindu hawezi kungoja hata siku tatu.

Je, Kampene nayo ifuge?

Swali hilo litaulizwa, na ni la haki. Ikiwa Afrika Kusini inakula kutokana na kasuku wa Kongo, kwa nini Maniema isijenge mabanda yake?

Jibu linahitaji hesabu, wala si hasira. Banda la kasuku linataka mtaji wa miaka minne au mitano kabla ya kuuza kinda la kwanza. Linataka umeme wa kila siku, daktari wa wanyama, dawa, chakula kisichokatika, pete na daftari ya kila ndege, uandikishaji kwa CITES, na avio ya uhakika. Kampene haina barabara ya uhakika kufika Kindu wakati wa mvua. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifunga uwanja wa Goma, na njia ya mashariki ambayo biashara nyingi ya Maniema iliitegemea imekuwa ya mashaka. Kuanza leo ni kuingia soko ambalo wengine wamelijaza kwa miaka ishirini, kwa gharama ya juu kuliko yao. Hiyo ndiyo njia ya yule aliyenunua chatu mweupe mwaka wa mwisho.

Tena banda katikati ya msitu wenye kasuku wa porini litakuwa kishawishi kisichoshindika. Kumkamata ndege wa bure na kumvisha pete ni rahisi kuliko kungoja miaka mitano. Mali bila daftari huisha bila habari, na Maniema haijaonyesha kwamba ina daftari ya kuaminika hata ya dhahabu yake.

Kumbukumbu ya Septemba 2010

Pamoja na hayo, marufuku peke yake haimlishi mtu, na Kampene ina ushahidi wake. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi ya uchimbaji mdogo katika majimbo matatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Kusudi lilitajwa kuwa kuondoa watu wenye silaha machimboni. Marufuku hiyo ilidumu mpaka Machi 2011.

Katika miezi hiyo sita kontwari zilifunga, wanegosia wakaondoka na pesa zao, na masoko ya miji ya machimbo yakakauka. Raia waliohesabiwa kuwa wanalindwa ndio walioumia kwanza. Uchimbaji haukuisha, ulihamia gizani, na waliokuwa na nguvu ya kulindwa gizani ndio walioendelea. Amri ilitoka juu, ikafika chini bila kitu chochote mkononi isipokuwa amri.

Marufuku ya kasuku haifanani na ile kwa kila namna. Dhahabu na kasiterite zinalisha mji mzima. Kasuku analisha wachache, kwa msimu. Hilo linafanya kazi iwe nyepesi zaidi. Lakini ikiwa Serikali itafanya kama ilivyofanya mwaka 2010, itapata matokeo yaleyale: ndege watapita usiku, bei ya msituni itashuka kwa sababu mnunuzi atadai malipo ya hatari yake, na polisi wa vizuizi watapata chanzo kipya cha franka.

Yanayotakiwa

La kwanza ni kuieleza sheria. Sheria ya kuhifadhi mazingira ya asili, nambari 14/003, ilitolewa tarehe 11 Februari 2014, kwa Kifaransa. Agizo la mwaka 2025 nalo ni la Kifaransa. Ni wangapi katika vijiji vya Pangi wamewahi kusomewa maneno hayo kwa Kiswahili au kwa Kilega? Mtu hawezi kuadhibiwa kwa haki kwa kosa ambalo hakuambiwa. Redio za Kindu na Kampene, wakuu wa vijiji, makanisa na misikiti wanaweza kufanya kazi hiyo kwa wiki chache, ikiwa mtu atawapa maandishi yaliyo wazi.

La pili ni kumfuata mwenye komande. Kumfunga kijana aliyekutwa na kasuku wanne katika kikapu ni rahisi, na picha yake itapendeza mitandaoni. Lakini kijana huyo atapata wa kumrithi kesho yake, mradi mnunuzi yuko huru. Mizigo mikubwa haipiti vichochoroni. Inapita uwanja wa avio, stesheni, vivuko na mipaka. Mwaka 2022, huko Kisoro nchini Uganda, karibu na mpaka wa Bunagana, maafisa walikamata kasuku zaidi ya mia moja waliotoka Kongo. Ndege hao walipita vizuizi vingapi vya Kongo kabla ya kuonwa na macho ya Uganda? Swali hilo linawahusu wenye vizuizi kuliko linavyowahusu watega ndege.

La tatu ni mahali pa kuwaweka ndege waliokamatwa. Afisa anayekamata kasuku themanini na hana pa kuwapeleka, ama atawaachia wafe, ama atawauza. Kituo cha Lwiro katika Kivu Kusini, kinachojulikana kwa sokwe yatima, kimepokea pia kasuku na kuwauguza. Wengi huhitaji miezi ili manyoya yaliyokatwa yaote upya kabla ya kuruka. Maniema, ambako ndege wengi wanakamatwa, haiwezi kutegemea milele vituo vya majimbo mengine, hasa wakati njia zinapofungwa. ICCN na Serikali ya jimbo wanapaswa kuliweka jambo hili katika bajeti yao, lisiachiwe wafadhili peke yao.

La nne, na zito kuliko yote, ni kazi. Mtegaji mzuri wa kasuku anaujua msitu kuliko afisa yeyote. Anajua miti yenye viota, mahali makundi yanaposhuka, na miezi ya makinda. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016 kati ya Tshopo na Maniema, imewahitaji watu wa namna hiyo. Si kila mtu atapata kazi ya kulinda msitu, na kuahidi hivyo ni kudanganya. Wengi watahitaji kitu cha kawaida zaidi: barabara ya kutoa mchele, mawese na samaki kabla havijaoza. Mkulima wa Pangi anayeuza mchele wake kwa bei ya hasara kwa sababu lori halifiki, huyo ndiye atakayesikia haraka sauti ya mwenye komande.

Na watega ndege wenyewe wana jambo la kulifikiria. Dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa aunsi mwaka 2025, na vijana wengi wamekimbilia mashimo; labda kasuku watapata nafuu kidogo. Lakini dhahabu nayo itashuka siku moja, kama bati ilivyoshuka na kama koltani ilivyoshuka. Siku hiyo mwenye komande atarudi. Pengine atauliza kasuku, pengine kinyonga, pengine nyoka fulani mwenye rangi ambayo imependwa ng'ambo mwaka huo. Atataja bei nzuri, na ataitaka mali upesi.

Mtu wa Kampene atakapoisikia bei hiyo, inafaa aulize maswali ambayo angemwuliza mnegosia yeyote mgeni. Nani ataibeba hasara mali ikifa? Nani ana karatasi? Na kwa nini wewe, mwenye pesa zote hizo, unamhitaji mtu wa kuipandia miti usiku? Kama majibu ni yaleyale ya siku zote, afadhali kasuku wabaki juu ya miti. Huko wanaendelea kuzaa, nao ni mali ambayo Maniema bado inayo.